Gari Dogo la 4WD kwa Kazi ya Mzigo: Litafika Shambani? Na Kesho Litawaka?



Kuna swali linarudi sana kwenye meseji zenu: "Dada, nataka kagari kadogo ka 4WD ka kufuatia mzigo kijijini, nichukue lipi?" Wanaouliza ni watu wa mchele, asali, parachichi, vitunguu, vikapu. Wanauza mtandaoni, lakini mzigo wao unatoka mahali ambapo lami imeishia.

Leo tulijibu vizuri. Mimi nauza viungo na mboga za milima ya Usambara kwa wateja wa Tanga na Dar, na oda zote zinaingia kwa WhatsApp na Instagram. Lami inapanda kutoka Mombo, inapita Soni, inafika Lushoto mjini. Ukishaiacha lami ukaingia vijiji vya juu, ni udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi na makorongo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo uleule unateleza kama sabuni. Nimeendesha Escudo kwenye njia hizo misimu yote, na nimepakia mzigo kwenye Jimny za wenzangu.

Shika jambo moja kabla hatujaendelea: gari la kazi lina mitihani miwili. Wa kwanza, lifike. Wa pili, kesho yake liwake liende tena. Gari linalofaulu mmoja tu halikufai, hata kama limeng'aa vipi kwenye picha.

1. ANZA NA HESABU YA SIKU ZA KULALA

Wengi tunaangalia bei ya kununulia na mafuta. Hesabu inayoumiza biashara ndogo ni ya siku ambazo gari limelala kwa fundi.

Tuchukulie mfano. Unafuata mzigo mara 2 kwa wiki, na kila safari inakuachia faida safi ya shilingi 120,000. Gari likilala wiki 2 kusubiri spea, umekosa safari 4, yaani shilingi 480,000. Hapo hujalipa spea wala fundi.

Sasa chukua magari mawili ya aina moja. La kwanza limetunzwa, la pili limechoka ila ni rahisi kwa shilingi 1,500,000. Hilo la rahisi likilala hivyo mara 3 tu, limekula 1,440,000 za faida yako. Ule unafuu karibu wote umeisha, na umebaki na gari bovu.

Kuna kitu kingine hakiandikwi kwenye daftari. Mteja aliyesubiri hoho mara mbili zisifike, mara ya tatu hakuandikii. Anahama kimyakimya.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "gari gani zuri?" Swali ni "gari gani fundi wa karibu yangu analijua, na spea zake zinapatikana ndani ya siku mbili?" Zunguka kwa mafundi watatu wa mji wako kabla hujazunguka kwa madalali. Waulize wanatengeneza gari gani kila wiki. Gari ambalo fundi wako analifungua kwa mara ya kwanza, atajifunzia kwako.

2. 4WD SIYO KITU KIMOJA

Hapa ndipo hela za watu zinapotea. Dalali anasema "hii ni 4WD kamili", wewe unaona herufi nyuma ya gari, unaamini. Lakini chini ya herufi zile kuna mashine tofauti kabisa.

Aina ya kwanza ni magari ambayo siku zote yanavutwa na tairi za mbele, na za nyuma zinasaidia pale mbele kunapoteleza. RAV4 ya mwaka 2006 hadi 2012 yenye 4WD iko hivi. Ina kitufe cha LOCK cha kulazimisha mbele na nyuma zivute pamoja, lakini ukivuka kilomita kama 40 kwa saa kinajizima chenyewe. Nissan X-Trail za miaka hiyo nazo zina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK. Ni magari mazuri kwa changarawe, mvua na tope la muda mfupi. Lakini hayana gia nzito. Ukiyapandisha mlima mrefu wa matope yakiwa na mzigo, kile kiungo kinachopeleka nguvu nyuma kinapata moto, na kikizidi kinaacha kuvuta ili kisiungue. Unabaki na gari la tairi za mbele, katikati ya mlima.

Aina ya pili ni magari yenye gia nzito, ile yenye alama 4L. Ukiiweka, nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka na mwendo unapungua. Kwa Jimny na Escudo tutakazozitaja, ni karibu mara mbili. Faida yake siyo kwenye kupanda peke yake. Kwenye kushuka ndiyo utaipenda zaidi, kwa sababu injini inalishikilia gari na breki zinapumzika. Anayeteremka milima ya Lushoto na magunia nyuma ananielewa.

Kanuni yangu ni hii: barabara yako mbaya kuliko zote, katika mwezi mbaya kuliko wote, ndiyo ikuchagulie gari. Kama sehemu mbaya ni kilomita 2 za changarawe, aina ya kwanza inakutosha, usilipie zaidi. Kama kuna mlima wa udongo unaoupanda masika na mzigo, tafuta 4L.

3. JIMNY NA ESCUDO: NDUGU WAWILI, KAZI TOFAUTI

Magari madogo yenye 4L ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafikia siyo mengi. Mawili yanayojulikana kwetu yanatoka Suzuki.

*Jimny.* Ilianza Japani mwaka 1970. Wengi huku tunaiona ile ya kizazi cha tatu, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018, miaka 20 bila kubadilishwa kimsingi. Hiyo ni habari njema kwa spea. Chini ina chesisi ya ngazi kama ya lori, na ekseli nzima mbele na nyuma. Tairi moja likipanda jiwe, la upande wa pili linasukumwa chini likamate ardhi. Ni nyepesi, kwa hiyo mahali magari makubwa yanazama, yenyewe inapita juujuu. Na ni fupi na nyembamba. Njia za Usambara zinazopita ukingoni mwa mashamba, wembamba huo ni mali.

Ya kizazi cha nne, ya kuanzia 2018, ina injini ya lita 1.5 kwa toleo la nje ya Japani na uwazi wa milimita 210 kutoka chini. Ina na mfumo wa breki unaolibana tairi linalozunguka bure ili nguvu iende kwa lenzake.

Sasa sikia upande wa biashara. Jimny hiyo, viti vya nyuma vikiwa vimesimama, buti lake ni lita 85. Begi mbili za shule zinajaa. Ukilaza viti unapata nafasi, lakini kuna uzito. Zile zilizouzwa Ulaya, uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1,435, na gari tupu ni karibu kilo 1,100. Zinabaki kama kilo 335. Toa wewe kilo 75, toa kijana wa kupakia kilo 65. Umebakiwa na kilo 195. Gunia moja la lumbesa linaweza kuvuka kilo 100, kwa hiyo magunia mawili tayari yamezidi. Kama unauza iliki, mdalasini, asali ya chupa, nguo au vikapu, inakutosha. Kama unauza viazi, haikutoshi.

*Escudo.* Nje ya Japani inaitwa Grand Vitara. Nazungumzia ile ya 2005 hadi 2015 yenye milango mitano. Chesisi yake imeunganishwa ndani ya bodi, na inavuta tairi zote nne muda wote. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzungusha yenye 4H, 4H LOCK na 4L LOCK. Nyuma haina ekseli nzima, kila tairi linajitegemea, kwa hiyo kwenye mawe makubwa haiwezi kunyooka kama Jimny. Lakini kwenye lami imetulia, na buti lake ni karibu lita 400 kabla hujalaza viti. Mtu anayetoka shambani akaenda hadi Dar siku hiyohiyo, Escudo inamchosha kidogo kuliko Jimny.

Na hapa fungua macho. Siyo kila Escudo ina 4L. Baadhi za miaka hiyohiyo zilitoka bila gia nzito, na kwenye baadhi ya nchi ziliuzwa hata za 2WD. Halafu kuanzia mwishoni mwa 2015, Japani jina Escudo lilihamia kwenye gari jingine jepesi, lisilo na chesisi ya ngazi wala 4L. Grand Vitara mpya ya kuanzia 2022, inayotengenezwa India, nayo haina 4L. Majina yaleyale, kazi nyingine. Usinunue jina. Nunua swichi uliyoiona kwa macho ikifanya kazi.

4. MAGONJWA YA KILA MOJA

Hakuna gari lisilo na ugonjwa. Gari la kuaminika ni lile ambalo ugonjwa wake unajulikana, dawa yake ni rahisi, na wewe unaiwahi.

Kwa Jimny ya kizazi cha tatu, kuna mambo manne:

• Usukani kutetemeka kwa nguvu ukifika mwendo fulani, hasa ukipita shimo. Mara nyingi ni beringi za viungo vya ekseli ya mbele zimekufa, bush zimelegea, au tairi hazijasawazishwa. Inatibika, lakini usikubali fundi akufungie kifaa cha kuzuia mtetemo bila kugusa chanzo.
• 4WD kukataa kuingia. Tairi za mbele zinaunganishwa kwa nguvu ya hewa inayonyonywa kwenye mipira myembamba. Mpira ukipasuka, taa inawaka au inapepesa lakini mbele hakuvuti. Mara nyingi dawa yake ni kipande cha mpira tu.
• Kutu. Lala chini uangalie chesisi. Kwa anayeishi karibu na bahari, hili ni la kwanza.
• Zile za cc 660 kutoka Japani zina tabo. Tabo inataka oili safi, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Aliyepitiliza kwa kubana hela ataiona hela hiyo ikitoka kwa mlango mwingine.

Kwa Escudo, sikiliza injini ikiwa baridi, asubuhi kabla halijawashwa. Injini zake za lita 2.0 zinatumia taimingi cheni, hakuna mkanda wa kubadilisha kila mara. Lakini cheni inaishi kwa oili. Ukisikia mlio wa kukwaruza mbele ya injini kwa sekunde za mwanzo, cheni au kikaza chake kimechoka. Pima na kiwango cha oili, kisha kipime tena baada ya wiki. Injini zilizochoka huanza kula oili bila kuonyesha moshi mwingi.

Cha mwisho, oili ya difu ya mbele na ya boksi la 4WD. Watu wanabadilisha oili ya injini wanasahau hizi. Kwa gari linalovuta nne muda wote, difu ya mbele inafanya kazi hata ukiwa kwenye lami. Mlio wa kuzomea unaoongezeka na mwendo, hiyo ni difu inalia.

5. UKAGUZI KABLA HUJATOA HELA

Nenda na fundi wako, umlipe yeye mwenyewe. Fundi anayelipwa na muuzaji ana bosi wake.

(a) Angalia shafti. Kuna wenye magari wanaovua shafti ya kwenda mbele au nyuma, ama difu imekufa au wanataka kupunguza mafuta. Gari linatembea vizuri kabisa kwenye lami, na nyuma limeandikwa 4WD. Inama, uione shafti ikiwa imefungwa pande zote mbili.

(b) Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za 4WD, injini na ABS ziwake, kisha zizimike baada ya kuwasha. Taa isiyowaka kabisa siyo uzima. Huenda imezibwa.

(c) Jaribu 4L kwenye udongo. Simama kabisa, gia iwe nyutro, weka 4L, subiri taa itulie, kisha panda kimlima kidogo. Muuzaji akisema "hapa hakuna haja, inafanya kazi", mjibu kwa upole, "Sawa kaka, basi twende tuione ikifanya."

(d) Linganisha tairi zote nne. Ziwe saizi moja na zimelika kwa kiasi kimoja. Tairi za saizi tofauti zinalazimisha difu kufanya kazi hata barabara ikinyooka, na zinaiua taratibu.

(e) Namba ya chesisi ilingane na ya kadi.

Kama unaagiza nje, piga hesabu ya ushuru kabla ya kumpenda gari. Tanzania, TRA wana kikokotoo chao mtandaoni kwa magari yaliyotumika. Ukubwa wa injini na umri wa gari vyote vinabadilisha kodi, na gari lenye umri mkubwa linaongezewa ushuru wa uchakavu. Walioko Kenya mnajua, gari lililozidi miaka 8 haliingii.

6. KUPAKIA NA KUENDESHA

Gari zuri kwa dereva mwenye haraka linakwama kama Starlet.

Mzigo mzito uweke chini na mbele, karibu na mgongo wa viti. Usirundike kwenye keria. Magari haya ni mafupi na yamenyanyuka. Ukiweka uzito juu, kona ya mteremko inakuwa hatari.

Ukifika kwenye tope, shuka utembee kwanza. Pale unapozama wewe hadi kifundo, fikiria upya. Weka 4WD kabla hujaingia, siyo ukishakwama. Nenda polepole bila kusimama, na tairi zikianza kuzunguka bure, toa mguu. Kuzidisha mafuta ni kujichimbia shimo. Kwenye mchanga mkavu punguza upepo wa tairi, na ukitoka uujaze. Kwa hiyo pampu ndogo ni ya lazima, pamoja na kamba ya kuvutia, koleo, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki.

Maji yakivuka barabara, yapime kwa fimbo. Yakizidi sentimita 30, au yakiwa na kasi, subiri yapungue. Mzigo wa laki mbili hauwezi kuwa sababu ya kupoteza gari, sembuse maisha.

Na kwa wenye Jimny: 4WD yake haina difu ya katikati. Ukirudi kwenye lami kavu, rudisha 2WD, la sivyo unasaga gia zako mwenyewe kwenye kila kona.

7. LINDA NENO LAKO KWA MTEJA

Hata gari bora haliondoi mvua. Mimi simtangazii mteja siku ya kupokea kabla mzigo haujafika kwenye lami. Kabla ya hapo namwambia, "Mzigo uko shambani, ukifika Lushoto nitakuandikia." Ukifika, natuma picha na siku kamili. Tangu nianze utaratibu huu, hata kipindi cha masika wateja hawagombi, wanauliza tu "umeshashuka?"

Na kama safari zako hazifiki 4 kwa mwezi, usione aibu kutonunua. Kodi gari la mwenzako mwenye njia hiyo, au bodaboda ishushe mzigo hadi lami, basi limalizie. Mtaji uliokwama kwenye gari hauwezi kununua mzigo.

KAZI YA LEO

Chukua daftari, andika majibu ya maswali haya matatu:

1. Sehemu mbaya kuliko zote kwenye njia yangu ni ipi, ina urefu gani, na mwezi wa 4 inakuwaje?
2. Safari moja nabeba kilo ngapi hasa, nikijumlisha na watu?
3. Fundi gani wa karibu analijua gari hili, na spea zake zinachukua siku ngapi?

Kama huna jibu la moja kati ya hayo, hujawa tayari kutoa hela. Mwambie dalali akusubiri. Asipokusubiri, yapo mengine.

Ukiwa unafuata mzigo sehemu zenye njia ngumu, tuandikie hapo chini ni wapi na unatumia gari gani, wenzako wajifunze. Na kama unamjua mtu anayeenda kununua wiki hii, mtumie somo hili kabla hajalipa.

Biashara njema, na mwendo wa pole.